Kichupa Kilichokataliwa: Kisa cha Mwanafunzi Kati ya Maabara na Wodi ya Watoto

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya umma mjini Kisumu, katika msimu wa malaria unaofuata mvua za masika. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na miongoni mwa majukumu yangu ni kuwapangia ratiba vijana wanaokuja kutazama kazi za hospitali. Wengi wao wamemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na wanasubiri kuitwa vyuoni. Mzazi huandika barua akiomba mwanawe akae na wahudumu, aone kama udaktari, uuguzi au kazi ya maabara inamfaa kweli au ni ndoto ya nyumbani tu. Mhusika wetu ni binti mmoja wa namna hiyo. Yeye na mama wa mtoto nitakayemweleza wameniruhusu kuandika. Majina yao sitayatoa, la hospitali pia sitalitoa, na mambo madogo ambayo yangeweza kuwatambulisha nimeyabadilisha.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kimenifanya nishuku namna tunavyowafundisha vijana hawa. Tunawaonyesha idara moja baada ya nyingine. Mgonjwa naye hutoka hapa akapelekwa pale, damu yake ikaenda kwingine, karatasi zake kwingine tena, na safari hizo hatuzionyeshi kwa mtu yeyote.

Ratiba ya binti huyu ilikuwa ya kawaida: mapokezi na rekodi, kitengo cha dharura, wodi ya watoto, maabara, famasi, kisha chumba cha eksirei. Masharti yalikuwa ya kawaida pia. Haruhusiwi kumgusa mgonjwa wala kushika sindano. Haruhusiwi kufungua faili bila mhudumu aliye naye, na simu yake hukaa mfukoni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeweka habari za afya ya mtu katika kundi la siri nzito, na kijana wa miaka kumi na minane anapaswa kulijua hilo kabla hajavuka lango. Jambo moja tulibishana na wenzangu: wao walitaka avae koti jeupe kama wengine, mimi nikakataa. Mama aliyekesha na mtoto mwenye homa akiona koti jeupe humwita aliyelivaa daktari na kumkabidhi matumaini yote. Hatimaye binti alivaa nguo zake za heshima na beji yenye herufi kubwa: MWANAFUNZI.

Pale rekodi alikaa siku chache tu, lakini naamini ndizo zilizomtengeneza. Aliona foleni inavyosonga, mama anavyotafuta kitambulisho ndani ya kanga, karani anavyomwandikisha mtu katika SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua kazi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na mfumo unavyokwama mtu akiwa dirishani. Zaidi ya yote aliona jinsi namba ya mgonjwa inavyozaliwa. Karani mmoja mkongwe alimweleza kwa nini namba ni muhimu kuliko jina upande huu wa nchi. Waluo humpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa: Otieno na Atieno ni wa usiku, Ochieng' na Achieng' ni wa jua kali, Odhiambo na Adhiambo ni wa jioni. Ukienda Bungoma, majira ndiyo yanayotoa majina: Wafula na Nafula ni wa mvua, Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Kwa hiyo katika wodi yenye watoto thelathini, kupata watatu wenye jina moja si ajabu hata kidogo. Binti aliandika hayo katika daftari lake, na siku chache baadaye yakaja kuhitajika.

Mtoto mwenyewe

Alikuwa wa miaka mitatu na miezi kadhaa, mwenye uzito wa kilo 12. Mama yake alitoka naye upande wa Ahero, kwenye tambarare za Kano, ambako mito hufurika na maji ya mashamba ya mpunga hukaa karibu na nyumba. Homa ilianza, akapewa dawa ya maji ya dukani, ikashuka, ikarudi. Alipoacha kula alipelekwa zahanati. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, na mhudumu wa pale alipotazama viganja vyake hakungoja: aliandika barua ya rufaa, mama akapanda boda hadi stendi, kisha matatu hadi mjini. Mhudumu huyo wa zahanati sijawahi kukutana naye, lakini namheshimu. Angeweza kumpa vidonge na kumwambia mama arudi kesho.

Alipofika dharura asubuhi, viganja vilikuwa vyeupe kama karatasi, pumzi za kasi na za kina, na alikuwa akiitwa anafumbua macho kisha anayafumba tena. Afisa wa kliniki alipima sukari kwanza, kwa maana malaria kali humaliza sukari ya mtoto na dalili zake hufanana na usingizi. Sukari ilikuwa sawa. Kanula, mrija mdogo wa mshipani, ikawekwa, oksijeni ikafunguliwa, akadungwa atesuneti, dawa ya malaria kali, palepale: kwa mtoto wa chini ya kilo 20 dozi ni miligramu 3 kwa kila kilo, kisha hurudiwa baada ya saa 12 na baada ya saa 24. Hemoglobini, kipimo kinachoonyesha upungufu wa damu, ilikuwa gramu 3.8 kwa desilita. Mwongozo wetu wa watoto hauna utata hapo: chini ya 4, mtoto aongezwe damu. Sampuli ya kulinganisha damu, krosimachi kama tunavyoiita sote, ilitolewa saa tatu na nusu, na mtoto akaletwa wodini kwangu, kitanda cha kona karibu na meza ya wauguzi.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza: kuhesabu pumzi, kuangalia mapigo, kumtuliza mama, na kungoja damu. Kulinganisha damu kwa kawaida huchukua kama saa moja. Nilikuwa na hakika kazi hiyo inaendelea.

Kule maabara

Kazi haikuwa ikiendelea. Sampuli ilifika maabara saa nne kasorobo. Kichupa cha kifuniko cha zambarau kilikuwa na jina moja tu, nalo limefifia kwa dawa ya kusafishia mikono. Namba ya mgonjwa haikuwapo. Fomu ya kuomba damu iliyokuja nacho ilijazwa vizuri kabisa, lakini hakuna kilichothibitisha kwamba damu iliyo ndani ya kichupa ni ya mtoto aliyeandikwa kwenye fomu. Mtaalamu wa maabara alifanya anachopaswa kufanya: alikikataa, akaandika sababu katika karatasi ya kukataa sampuli, akagonga muhuri, akaiweka karatasi pamoja na fomu kwenye trei ya wodi ya watoto.

Trei hiyo huchukuliwa na mhudumu anayezunguka na majibu. Mzunguko wa asubuhi ulikuwa umepita. Uliofuata ulikuwa wa saa sita.

Binti alikuwa amehamia maabara siku hiyohiyo. Wiki iliyotangulia alikuwa wodini kwangu, akikaa karibu na meza, akitazama tunavyopokeana zamu. Alijua jambo moja ambalo mtu wa maabara halioni kutoka kwenye kiti chake: fomu ya kuomba damu kwa mtoto mwenye hemoglobini chini ya 4 ina mtoto nyuma yake anayepumua kwa shida, na muuguzi anayetazama mlango. Alipoiona fomu hiyo imelala kwenye trei pamoja na majibu ya mkojo na ya kinyesi, aliuliza.

Mazungumzo yao nimeyapata kwa wote wawili, na yanalingana. Binti alisema, "Daktari, samahani, wodi wanajua hii imerudishwa?" Akajibiwa, "Karatasi iko kwa trei, mhudumu ataichukua." Akauliza tena, "Huyo mhudumu atakuja saa ngapi?" Mtaalamu akatazama saa ya ukutani, akanyamaza kidogo. Simu ya mezani ya kwenda wodini ilikuwa imekufa kitambo. Kisha akamwambia, "Enda umwambie sista. Usibebe kichupa, na usimwambie mama mtoto. Mwambie sista peke yake."

Alifika saa tano kasorobo. Hakukimbia wala hakupaza sauti. Alisimama kando ya meza hadi nilipomwangalia, akasema, "Sista, damu ya yule mtoto wa kona imekataliwa. Kichupa kina jina moja, hakina namba. Wanataka kingine."

Sampuli mpya ilitolewa papo hapo, jina la mtoto kwa ukamilifu, namba, tarehe, saa na sahihi ya aliyeitoa vikaandikwa kando ya kitanda. Safari hii nilimtuma mhudumu wetu wa usafi aipeleke mkononi. Damu ilitundikwa saa sita na robo. Kama tungengoja karatasi ya mzunguko wa saa sita, tungeanza upya wakati huo, na mtoto angepata damu kuelekea saa nane. Kwa mtoto anayepumua vile, muda huo ni mrefu sana.

Nani alikosea?

Wenzangu wengine walikimbilia kumlaumu mtaalamu wa maabara kwa kukaza sheria huku mtoto yuko hatarini. Siwaungi mkono. Mtoto wa kundi O akipewa damu ya kundi A, kinga ya mwili wake huzishambulia seli hizo mara moja, na hemoglobini ya 3.8 haiachi nafasi ya kustahimili shambulio kama hilo. Nimekwisha kueleza majina yetu yalivyo. Siku hiyo wodini kwangu kulikuwa na mtoto mwingine mwenye jina lilelile lililofifia kwenye kichupa, na naye alikuwa ametolewa damu asubuhi hiyo. Anayesema mtaalamu angekisia, na amtazame mtoto huyo wa pili.

Kosa la kichupa lilitokea dharura, na nimeongea na aliyehusika. Alikuwa na watoto watatu wanaohitaji kanula kwa wakati mmoja, akaandika jina akikusudia kumalizia namba baada ya kufunga plasta. Kumalizia hakukutokea. Dawa ya jambo hili inajulikana: kichupa huandikwa kando ya mgonjwa, na yule aliyemtoa damu, kabla hajaondoka pale. Sina la kuongeza.

Ninalotaka kulikazia ni trei. Trei ile ilitengenezwa kwa ajili ya majibu, na jibu lililochelewa saa moja mara nyingi halidhuru. Lakini karatasi ya kukataa sampuli si jibu. Inaomba kitendo, na inamwomba mtu ambaye hajui kwamba anaombwa. Wodini, kimya cha maabara hutafsiriwa kuwa kazi inaendelea. Maabara nako, karatasi ikishawekwa kwenye trei, jambo limekwisha. Kila upande ulikuwa na sababu ya kutulia, na mtoto alikuwa katikati ya utulivu huo. Ukiikagua idara yoyote kati ya hizo mbili peke yake, utaikuta imefuata utaratibu wake na daftari lake liko safi.

Ndiyo maana aliyeona pengo ni mtu ambaye hakuwa wa upande wowote. Katika kikao cha asubuhi baadhi yao walimsifu binti kana kwamba ana kipaji cha pekee, na mwingine akasema kwa ukali kwamba mwanafunzi hana mamlaka ya kumuuliza mtaalamu kazi yake. Yote mawili nayakataa. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu ya wiki iliyopita, jambo ambalo sisi tuliokaa idara moja miaka mingi tumelipoteza. Mimi sijaketi maabara tangu nikiwa chuoni. Mtaalamu yule hajawahi kukesha wodini na mtoto anayengoja damu. Na kuhusu mamlaka, hakuamuru wala hakugusa kitu. Aliuliza kwa adabu, akaomba ruhusa, akapeleka ujumbe kwa mtu aliyeelekezwa. Mwanafunzi tunayemkataza kuuliza hivyo, hatuna sababu ya kumwita aje.

Mfuko wa damu

Mchana huo nilimwomba mtaalamu amwachilie binti aje aone mwisho wa jambo aliloliuliza. Alisimama hatua mbili kutoka kitandani tulipokagua mfuko: wauguzi wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuatisha, jina, namba ya mgonjwa, kundi, namba ya mfuko, tarehe ya kuharibika, kwenye mfuko, kwenye fomu na kwenye utepe wa mkononi mwa mtoto. Hapo, alivyoniambia baadaye, ndipo alipoelewa kwa nini maabara ilikataa. Kilo 12 kwa mililita 20 za damu nzima ni mililita 240, zikitiririka kwa muda wa saa nne. Robo saa ya kwanza muuguzi haondoki, maana athari mbaya nyingi hujitokeza mapema.

Aliuliza damu ilitoka wapi. Nilimweleza kwamba hupitia kituo cha damu cha kanda kilichoko hapa Kisumu, ambako kila mfuko hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Na kwamba watoaji wakubwa nchini ni wanafunzi wa sekondari, ndiyo sababu friji zetu hupungua shule zinapofunga. Alisema yeye mwenyewe alitoa akiwa kidato cha nne, walipokuja shuleni kwao na viti vya kulalia na soda. Hakuwa amewahi kufikiria ule mfuko ulienda kwa nani. Nilifurahi kwamba ameuona mwingine ukifika.

Tulichobadilisha

Kwanza, maabara sasa ikikataa sampuli ya damu au yoyote iliyoandikwa dharura, aliyekataa hupiga simu ya mkononi ya wodi, akaandika katika karatasi jina la aliyempokelea na saa. Simu hiyo hutiwa salio na hospitali, si na muuguzi. Ilichukua vikao kukubaliana juu ya hilo la salio, jambo la shilingi chache, na ninalitaja kwa makusudi: utaratibu unaotegemea mfuko wa mhudumu hufa mwisho wa mwezi.

Pili, ratiba ya wanafunzi. Baada ya kupitia idara zote, kila mmoja hupewa siku ya kumfuata mgonjwa mmoja aliyekubali, tangu dirisha la rekodi hadi kitandani au hadi anapotoka langoni na dawa zake, na kila mara kitu chochote cha mgonjwa huyo kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, anaandika saa. Hayo tu. Daftari mbili za kwanza zilizorudi zilituonyesha mambo ya famasi na eksirei ambayo sitayaeleza hapa, ila yameanza kushughulikiwa.

Nina hofu moja na nimeisema mbele ya wakubwa. Hospitali yenye uhaba wa wahudumu wa kubeba sampuli inaweza kuonja utamu wa kuwa na kijana mwenye miguu myepesi anayetembea bure kati ya maabara na wodi. Jambo hilo likiruhusiwa, mwanafunzi atakuwa tarishi, hatajifunza, na siku asipokuja pengo litarudi lilivyokuwa. Kwa hiyo hakuna mwanafunzi anayebeba sampuli kwetu, hata ya mkojo. Usiku na wikendi bado trei inamngoja mhudumu mmoja wa jengo zima, na nafasi ya pili tumeiomba lakini haijajazwa.

Yaliyofuata kwa mtoto

Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi, anadai uji. Alimaliza sindano za atesuneti, akaendelea na vidonge vya malaria vya AL vya siku tatu.

Kuna jambo ambalo kurudia sampuli kulitupa bila kutarajia. Afisa wa kliniki alipokuja kusaini fomu mpya alimhoji mama tena, kwa Kiluo na bila haraka, na mama akataja kwamba mtoto aliwahi kuvimba mikono na miguu alipokuwa mchanga, na macho yake huwa ya manjano akiugua. Katika ukanda huu wa ziwa dalili hizo haziachwi zipite. Kipimo cha selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, siko seli kama wengi wasemavyo huku, kikifanywa baada ya kuongezwa damu hupotosha, kwa sababu seli za mtoaji huchanganyika na za mtoto, na inabidi kungoja miezi mitatu hivi. Kichupa cha ziada kilitolewa kabla mfuko haujafunguliwa.

Jibu lilikuja baada ya mtoto kuruhusiwa: ana selimundu. Ameandikishwa kliniki, anakunywa asidi ya foliki kila siku, penisilini ya kumkinga hadi atimize miaka mitano, na proguanili dhidi ya malaria; haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu, ataanzishwa baada ya vipimo vya mwezi huu. Mama ana mtoto mwingine wa miezi minane nyumbani. Tumempa tarehe ya kumleta naye apimwe, na safari hii namba yake imeandikwa kwenye kijitabu cha kliniki kabla mama hajaondoka.